Kuhamisha santuri kwenda kwenye kompyuta nyumbani: mwongozo kamili

Nakala nyingi mbovu za nyimbo za zamani zinazozunguka kwenye simu hazikuharibiwa na kompyuta. Ziliharibika mapema zaidi: sindano ilikuwa imechakaa, santuri haikuoshwa, au waya ulichomekwa pasipo pake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi. Programu za kusafisha sauti zinasaidia, lakini haziwezi kurudisha kilichokosekana tangu mwanzo.

Tunazungumzia zaidi santuri ndogo za 45 (yaani mizunguko 45 kwa dakika), kwa kuwa ndizo zilizojaa kwenye makabati ya Afrika Mashariki, pamoja na LP, zile kubwa za nyimbo nyingi, za 33⅓. Za 78 zina masharti yake, nazo tutazigusa mbele.

Mashine na umeme wake

Unahitaji mashine ya kupigia santuri yenye mkono unaoweza kurekebishwa uzito na yenye kasi za 33⅓ na 45. Epuka zile za bei rahisi zenye umbo la sanduku na spika ndani yake. Sindano zake hukandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, wakati sindano ya kawaida ya sumaku inahitaji kati ya gramu 1.5 na 2.5, na mtetemo wa spika hupanda hadi kwenye sindano na kuingia kwenye rekodi. Kwa kuhamisha mkusanyiko mzima, mashine kama Audio-Technica AT-LP120XUSB inatosha kabisa. Ina kasi zote tatu, uzito unarekebishika, na priampu (kifaa cha kukuza umeme mdogo wa sindano) imo ndani. Mashine nzuri ya mitumba nayo inafaa, mradi ubadilishe sindano na mkanda wa mpira.

Ukiletewa mashine ya zamani na ndugu aliyeko Marekani, kuwa mwangalifu. Umeme wa kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni volti 230 hadi 240 na mizunguko 50. Transfoma itashusha volti lakini haibadilishi mizunguko. Mota nyingi za zamani hufuata mizunguko ya umeme, kwa hiyo 33⅓ inageuka kuwa 27.8, na mwimbaji anashuka karibu nusutoni tatu. Dawa yake ni puli ya mota iliyotengenezwa kwa mizunguko 50. Mashine zenye mota ya DC hazina tatizo hili; hizo zinahitaji adapta au transfoma sahihi tu.

Sindano

Hapa usibane matumizi. Sindano hudumu saa mia chache tu za kupiga, na iliyochakaa haiishii kutoa sauti ya mkwaruzo: inakwangua kuta za mfereji, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kama hujui umri wa sindano uliyoikuta kwenye mashine, nunua mpya kabla ya kugusa santuri yoyote unayoithamini. AT-VM95E hukandamiza kwa gramu 2.0, Ortofon 2M Red kwa gramu 1.8. Nyingine yoyote, soma karatasi yake. Ncha ya mviringo husamehe zaidi kwenye santuri za 45 zilizopigwa sana kwenye baa na sherehe. Ncha ya duaradufu hutoa sauti za juu vizuri zaidi, hasa karibu na katikati ya santuri ambako mifereji imebanana.

Priampu ya fono, na kwa nini huwezi kuiruka

Sindano ya sumaku hutoa umeme kidogo mno, milivolti 3 hadi 5. Tundu la kawaida la sauti linatarajia milivolti 300 hivi. Zaidi ya hapo, santuri zilikatwa kwa makusudi besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, ili mifereji isiwe mipana mno na kelele za plastiki zifunikwe. Kanuni hiyo inaitwa RIAA, nayo imekuwa kipimo cha karibu santuri zote tangu katikati ya miaka ya 1950. Kwenye hezi 20 besi imeshushwa kwa desibeli karibu 20, na kwenye hezi 20,000 sauti za juu zimepandishwa kwa kiasi kama hicho. Priampu ya fono hufanya kazi mbili kwa pamoja: inaongeza nguvu na inageuza kanuni hiyo kinyume.

Ukisikia sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi kabisa, ujue hakuna priampu njiani. Ukisikia besi inayofurika na sauti inayopasuka, ujue umepita kwenye priampu mbili: ile ya ndani ya mashine na nyingine ya nje. Angalia swichi ndogo nyuma ya mashine iliyoandikwa PHONO na LINE. LINE maana yake priampu ya ndani inafanya kazi, na hapo usiongeze nyingine.

Kuingia kwenye kompyuta

Tundu la headfoni la kompyuta mpakato halifai. Upande wake wa kuingiza sauti ni wa maikrofoni, chaneli moja tu, na kompyuta hujaribu kusawazisha sauti yenyewe. Tumia kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili ya RCA. Behringer UFO202 ni ndogo, ina priampu ya fono ndani pamoja na skrubu ya waya wa ethi. Inarekodi biti 16, na hiyo inatosha ukiwa makini na kiwango cha sauti. Ukiweza kupata kadi ya biti 24, utakuwa na nafasi zaidi ya kukosea. Mashine yenye USB yake haihitaji kadi, chomeka moja kwa moja.

Plagi nyekundu ni upande wa kulia, nyeupe au nyeusi ni kushoto. Waya mwembamba wa tatu ni wa ethi: ufunge kwenye skrubu ya priampu. Watu wengi huuacha ukining'inia, kisha wanahangaika na mvumo usioisha.

Kuosha santuri

Vumbi la juu linaondoka kwa brashi ya nyuzi laini za kaboni, ukiishika palepale huku santuri ikizunguka mara mbili tatu. Mafuta ya vidole, moshi na kuvu ya Pwani haviondoki hivyo, vinahitaji maji.

Changanya mililita 400 za maji yaliyokenekwa na mililita 100 za isopropili (pombe ya kusafishia), uongeze matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato wala losheni. Maji ya bomba au ya kisima huacha chumvi ndani ya mfereji, na chumvi hiyo itasikika. Maji yaliyokenekwa hupatikana kwenye vituo vya mafuta, ambako huuzwa kwa ajili ya kujazia betri za magari. Soma lebo ya chupa vizuri na uulize, maana jina la "maji ya betri" hutumika pia kwa asidi. Isopropili isipopatikana, iache. Maji na sabuni vinatosha.

Funika lebo ya katikati kwa kifuniko cha plastiki kinachoienea, kwa sababu wino wa lebo za zamani huchuja. Nyunyizia mchanganyiko, uache dakika moja, kisha futa kwa kitambaa cha microfiber ukifuata mzunguko wa mifereji, kamwe usifute kuelekea katikati. Suuza kwa maji matupu yaliyokenekwa ukitumia kitambaa cha pili. Simamisha santuri kwenye kitu cha kukaushia sahani kwa nusu saa kivulini. Usitumie feni ya nywele wala jua. Ikikauka, itie kwenye mfuko mpya. Bahasha ya karatasi ya tangu 1974 itairudishia vumbi lote ulilotoa.

Pombe ya aina yoyote isiguse santuri za 78, kwa kuwa huyeyusha laki yake.

Kupanga mkono na kuhakikisha kasi

Weka mashine mezani pasipoyumba, mbali na spika, na uhakikishe iko sawasawa. Programu ya pima maji kwenye simu inatosha. Ondoa kifuniko cha sindano. Weka kidhibiti cha kuvuta mkono (anti-skate) kwenye 0. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe hewani bila kupanda wala kushuka. Hapo shikilia uzito usizunguke, geuza pete yenye namba tu isome 0, kisha zungusha uzito na pete pamoja hadi kwenye gramu zinazotakiwa. Rudisha kidhibiti cha kuvuta mkono kwenye namba ileile. Mizani ndogo ya sonara itakuonyesha kama pete inasema kweli. Kwenye mashine za mitumba mara nyingi haisemi. Usiweke sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke. Ikiruka, ama kuna uchafu, ama uzito ni mdogo, ama mkono umekauka mafuta.

Kasi nayo ipimwe, hasa kwenye mashine ya mkanda. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu mizunguko 100 ukiwa kwenye 33⅓. Inapaswa kuchukua sekunde 180. Kwenye 45, mizunguko 90 ichukue sekunde 120. Pima sindano ikiwa juu ya santuri, kwani msuguano wake hupunguza kasi kidogo. Ikichukua sekunde 183 badala ya 180, mashine iko nyuma, na utaisahihisha kwenye kompyuta kwa kuongeza kasi asilimia 1.67, yaani 183 gawanya kwa 180. Mkanda uliolegea hautoi kosa lisilobadilika, sauti huyumba, huo ubadilishwe.

Santuri nyingi za 45 zina tundu kubwa la milimita 38, kwa hiyo zinahitaji adapta. Ikikaa upande, wimbo utapanda na kushuka kila mzunguko, na utaisikia vibaya kwenye noti ndefu ya saksofoni. Tazama kichwa cha mkono wakati santuri inazunguka: kikicheza kushoto na kulia, inua sindano na usogeze santuri kidogo kwa kidole hadi kitulie. Kwa tundu kubwa inawezekana hata bila adapta, ukiwa na subira na raba ya mashine inayoshika vizuri.

Kurekodi

Pakua Audacity, ni ya bure. Chagua kadi yako kama chanzo cha sauti na uhakikishe imeandikwa chaneli 2. Windows mara nyingine huichukulia kadi ya USB kama maikrofoni na kuiweka chaneli moja. Kwenye mipangilio ya sauti ya Windows zima kila kitu kinachoitwa "enhancements", uzime na milio ya arifa. Weka kilohezi 48. Kilohezi 96 huongeza ukubwa wa faili maradufu na kwa santuri za nyumbani faida yake ni ndogo mno. Kwa biti 24 na kilohezi 48, dakika moja ya stirio hula megabaiti 17 hivi. LP ya dakika 40 inakaribia megabaiti 700. Panga nafasi mapema.

Sasa kiwango cha sauti. Piga sehemu yenye kelele kuliko zote, kwa kawaida pale tarumbeta zote zinapoingia pamoja, na uangalie kipimo. Vilele vifike kati ya −12 na −6 desibeli. Vikigonga 0, mawimbi yanakatwa kichwa, na hakuna programu itakayoyarudisha kama yalivyokuwa. Kinyume chake, sauti iliyorekodiwa chini kidogo utaipandisha baadaye bila hasara. Mlio mkali wa mkwaruzo ukigonga 0 peke yake usikushtue, maana utaondolewa.

Zima spika, sikiliza kwa headfoni. Weka simu kwenye hali ya ndege au ipeleke chumba kingine. Chomoa chaja ya kompyuta na utumie betri, kwa kuwa chaja nyingi huingiza mvumo. Bonyeza kurekodi kwanza, ndipo ushushe sindano, na uache mfereji mtupu wa mwanzo urekodiwe wote: zile sekunde chache zisizo na muziki zitahitajika baadaye. Rekodi upande mzima bila kusimama. Umeme ukikatika katikati, kompyuta itaendelea kwa betri lakini mashine itapunguza mwendo taratibu na wimbo utazama. Anza upande huo upya.

Ukimaliza, hifadhi faili ghafi kama ilivyo, WAV au FLAC ya biti 24, kwenye folda yake, na usiiguse tena. Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala. Miaka mitano ijayo programu zitakuwa bora zaidi, na masikio yako huenda yatakuwa na uamuzi tofauti.

Kasoro zinazojitokeza

Mvumo mzito usiobadilika hata sindano ikiwa juu: waya wa ethi, au mashine iko karibu mno na transfoma. Upande mmoja kimya: zima, toa kichwa cha mkono, safisha pini zake nne kwa pamba yenye isopropili kidogo na ukaze vijiwaya nyuma ya katriji, kile kipande kinachobeba sindano. Nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Herufi "s" zinazochanika mwishoni mwa upande: sindano imeshika uchafu, uzito ni mdogo mno, au katriji imekaa upogo, lakini kama kosa liko kwenye santuri moja tu huku nyingine ziko sawa, basi mfereji wenyewe umeshaliwa na sindano za zamani. Mngurumo wa chini chini hutoka kwenye mota au sakafuni. Tembea chumbani uone kama mchoro unaruka.

Kusafisha sauti, kwa mkono mwepesi

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia. Anza na kichujio cha kuondoa kila kitu kilicho chini ya hezi 25, chenye mteremko wa desibeli 24 kwa oktavo. Mngurumo unaondoka na ngoma haziguswi. Kisha milio ya "tik": tumia Click Removal kwa viwango vyake vya awali, 200 na 20, usikilize kama makali ya kinanda au ya gitaa la solo yamepungua. Yakipungua, tengua na uondoe milio mikubwa mmoja mmoja kwa Repair, ambayo hufanya kazi kwenye sampuli zisizozidi 128. Ni kazi ya kuchosha ila matokeo yake ni safi kuliko yote.

Kelele ya "shhh" ije mwisho. Chagua ule mfereji mtupu wa mwanzo kama mfano wa kelele, kisha punguza desibeli 6 tu. Watu huweka 20 na kujisifu kwa ukimya, wakati matoazi yamegeuka maji na pumzi ya mwimbaji imefutika. Kelele kidogo iliyobaki sikio huisahau baada ya nusu dakika; muziki ulioliwa haliusahau kamwe. Malizia kwa kupandisha kilele hadi −1 desibeli, pande zote mbili kwa pamoja, mizani ya kushoto na kulia isiharibike.

Santuri nyingi za 45 za Nairobi za miaka ya 1960 ni za mono. Kwa hizo kuna zawadi ya bure: unganisha chaneli mbili kuwa moja. Muziki wa mono uko kwenye mwendo wa sindano wa kushoto na kulia, na sehemu kubwa ya vumbi na mngurumo iko kwenye mwendo wa juu na chini. Ukijumlisha, kelele hiyo hujifuta yenyewe. Sikiliza kwanza kila chaneli peke yake. Mmoja ukiwa umechakaa sana, tumia ule mzima tu.

Halafu kuna nyimbo zilizokatwa mara mbili, sehemu ya 1 upande A na sehemu ya 2 upande B, kama ilivyokuwa desturi ya rumba na benga, maana upande mmoja haukutosha kwa uimbaji na sebene. Linganisha kwanza kasi na sauti ya pande zote mbili. Mara nyingine sehemu ya 2 inaanzia pale A ilipofifia, mara nyingine inarudia mipigo kadhaa. Tafuta mpigo unaofanana, uunganishe hapo kwa kupishanisha sekunde moja au mbili. Pasipopatana, usilazimishe. Faili mbili zinazofuatana ni bora kuliko kiungo kinachokwaza mguu wa mchezaji. Vyovyote vile, hifadhi pande mbili zikiwa zimetengana pia.

Za 78

Siti binti Saadi na kundi lake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, walirekodi kwenye santuri za aina hii. Mfereji wake ni mpana zaidi sana kuliko wa LP, kwa hiyo unahitaji sindano yake yenye ncha ya mikroni 65 hadi 75. Sindano ya LP huzama hadi chini ya mfereji na kusoma uchafu. Kama mashine haina kasi ya 78, piga kwenye 45 kwa sindano sahihi, kisha ongeza kasi kwa asilimia 73.33 kwenye Audacity. Kanuni ya RIAA haikuwapo wakati huo, hivyo besi na sauti za juu utazirekebisha kwa sikio. Santuri hizi huvunjika kama kigae: zishike kwa mikono miwili, usizipange moja juu ya nyingine.

Kutenga, kupa majina na kutunza

Kwa LP, weka alama mwanzoni mwa kila wimbo kwa Ctrl+B, andika jina, kisha toa faili zote kwa mkupuo. Nakala ya kutunza iwe FLAC, ambayo hubana bila kupoteza kitu. Ya simu na gari iwe MP3 ya kilobiti 256 au 320. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti ili isibanwe upya.

Jaza ndani ya faili jina la wimbo, mwimbaji na bendi, mtunzi, lebo, namba ya santuri na upande. Namba iliyochorwa kwenye plastiki karibu na lebo nayo iandike. Mara nyingi ndiyo inayotofautisha matoleo mawili ya wimbo mmoja. Skani lebo zote mbili, na usisahihishe tahajia ya lebo hata ikikukera: andika kama ilivyo, maoni yako yawe sehemu ya maelezo.

Weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba. Kunakili santuri yako kwa masikio yako ni jambo moja, kupandisha nyimbo YouTube ni jingine, kwani watunzi wengi au warithi wao bado wana haki. Kabla ya hatua hiyo uliza taasisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, au KECOBO kwa Kenya.